Arosto Kuisha si Kupona

Arosto ni nini?

Ni mateso ya mwili uliozoea heroini, mofini, kodeini au tramadoli unapoikosa dawa hiyo ghafla: jasho, kuhara, kutapika, maumivu ya misuli na kukesha. Kwa mtumiaji wa heroini huanza kabla ya saa 24 kupita na kwa kawaida hutulia baada ya siku 4 hadi 10.

Siku hizo zikipita, amepona?

Hajapona. Hapa hospitalini Kisumu tunaletewa vijana ambao jamaa zao waliwafungia chumbani juma zima, wakaona kuhara kumekoma, wakashukuru. Kisha kijana akawa anashinda kitandani ameelekea ukutani, hali wala hasemi, na nyumba nzima ikamwita mvivu. Wanapomleta, miezi miwili imepotea.

Kwani si uvivu?

Si uvivu. Mtazameni panya, asiye na sababu ya kujisingizia. Katika maabara, panya waliozoeshwa mofini kisha wakanyimwa huacha kurukaruka na kutetemeka mapema, lakini wiki 4 baadaye huwaepuka wenzao. Wakitiwa katika chombo cha maji wasichoweza kutoka, jaribio lililoelezwa na mtafiti Porsolt na wenzake mwaka 1977, hukata tamaa ya kuhangaika haraka kuliko panya ambao hawakupewa dawa. Panya hawezi kutuambia kama ana huzuni, na binadamu si panya. Hata hivyo tunaona wazi kwamba ubongo huendelea kuumwa baada ya mwili kutulia, na kwa wagonjwa wetu tunayaona yayo hayo.

Je, tungoje kidogo tukimwombea?

Msingoje. Ombeni mkiwa njiani kuja hospitalini. Mwili uliokaa bila dawa hauwezi tena kustahimili kipimo cha zamani, hivyo akikirudia kiasi kile kile ili apate nafuu, pumzi inaweza kukatika. Akisema hataki kuishi, asiachwe peke yake hata kidogo, na aletwe siku hiyo hiyo.

Atapewa nini?

Dawa ya kushika nafasi ya heroini na kuzuia arosto: methadoni, ambayo Kenya ilianza kuitoa mwaka 2014, au buprenofini, chini ya uangalizi. Unyogovu, yaani ile hali ya kukata tamaa iliyoitwa uvivu, nao hutibiwa kwa ushauri nasaha, na kwa dawa inapobidi.

Tumfungie tena, mara hii kwa muda mrefu zaidi?

Hapana, tafadhalini, hapana. Kumfungia hakutibu ubongo. Akikataa kuja, na aje mama au ndugu anayemsikiliza, atueleze anatumia nini na aliacha lini, ili tupange naye namna ya kumfikia.