Fundi wa mtaani au kampuni? Uliza kwanza nani atakuwa saiti zege linapochanganywa

Mwezi uliopita dada mmoja, mwalimu anayefanya kazi Dar, alinitumia picha mbili kwa WhatsApp. Ya kwanza ni ukurasa uliochanwa kwenye daftari la shule, kalamu ya bluu, jumla imepigiwa mistari miwili: milioni 31. Ya pili ni ukurasa wa mwisho wa faili la kurasa 14, nembo juu, muhuri chini: milioni 94. Kiwanja ni kimoja, kiko Moshono, Arusha. Ramani ni moja, vyumba vitatu, kimoja masta. Chini ameandika: "Kaka, hawa wa kampuni si wananiibia?"

Mimi ni mkadiriaji majenzi hapa Arusha. Kazi yangu ni kuihesabu nyumba kabla haijajengwa: mifuko ya saruji, nondo, roli za mchanga, siku za fundi na saidia wake. (Saiti wote wananiita injinia, nilishaacha kubisha.) Swali la huyu dada naulizwa karibu kila wiki, na karibu kila mara karatasi mbili anazolinganisha mtu hazizungumzii kitu kimoja.

Nikamwomba kurasa zote. Ya fundi ilianzia msingi ikaishia lenta, ule mkanda wa zege juu ya madirisha na milango. Hamna kenchi, hamna bati, umeme, mabomba, shimo la choo, lipu, madirisha wala rangi. Hamna hata maji ya boza ya kujengea, wala mlinzi wa kulala na saruji. Fundi hakudanganya. Aliulizwa kusimamisha boma, yaani kuta bila paa, ni shilingi ngapi, akajibu la boma. Kampuni iliulizwa nyumba ya kuhamia, na bei yao tayari ilikuwa na VAT ya asilimia 18 ndani. Nilipoendeleza hesabu ya fundi mpaka rangi ya mwisho, kwa bei za maduka ya hapa mjini, ilifika milioni 74 na ushee. Kwa hiyo tofauti ya kweli ni kama milioni 20, si 63. Hapo ndipo mazungumzo yanaweza kuanza: hizo milioni 20 zinanunua nini?

Watu wengi wanadhani zinanunua mafundi bora. Mwaka juzi nilikwenda kukagua nyumba ya kampuni moja kubwa upande wa Njiro. Juu ya jukwaa, akipanga tofali, nikamkuta fundi ninayemfahamu miaka mingi, ameshajenga nyumba tatu za wateja wangu. Amevaa kizibao cha kung'aa chenye jina la kampuni. "Karibu injinia," akacheka, "leo mimi ni kampuni." Walimchukua kwa ufundi tu, analipwa kwa tofali. Hakuna ubaya, ndivyo biashara hii inavyokwenda. Lakini mwenye nyumba alidhani amemkwepa fundi wa mtaani, kumbe amemlipia na kizibao.

Unachonunua kwa kampuni ni usimamizi. Ukimchukua fundi, msimamizi ni wewe, utake usitake. Na usimamizi si kupita Jumamosi na familia kupiga picha.

Chukua zege la jamvi, yaani la sakafu, au la lenta. Kwa mchanganyiko wa moja kwa mbili kwa nne (saruji, mchanga, kokoto), mfuko wa saruji wa kilo 50 una ujazo wa kama lita 35, kwa hiyo unataka mchanga lita 70 na kokoto lita 140. Kwa ndoo za lita 20 ni ndoo tatu na nusu za mchanga na saba za kokoto. Nenda saiti uone: wanapima kwa toroli, moja limejaa kilima, jingine limefika nusu, na mfuko unachanwa "ukitosha". Maji yanamiminwa mpaka zege linateleza lenyewe kama uji, kwa sababu hapo halichoshi mikono. Zege la maji mengi ni zege dhaifu, na likishapigwa lipu hutaliona tena. Halafu ni lazima limwagiliwe, siku saba angalau. Siku ya tatu ikiwa Jumapili, nani atakwenda na mpira wa maji?

Kampuni nzuri ina mtu wa kusimama pale. Kampuni mbaya inamtuma mara mbili kwa wiki, kwa sababu ana saiti nyingine tatu. Kwa hiyo nikienda na mteja kwenye ofisi yao yenye kiyoyozi, swali langu la kwanza ni hili: fomani wa nyumba hii ni nani, na sasa hivi ana saiti ngapi? Wakianza kutazamana, nafunga daftari.

Nisije nikaonekana mjuaji. Nyumba yangu mwenyewe niliijenga na fundi, nikaharibu kwa mkono wangu. Ilikuwa Novemba, boma limeisha, nikampa fundi pesa yote ya kupaua mapema ili "asipoteze muda". Mtu wa huku anajua Novemba ni nini. Kila Mchaga aliyeko Dar, Mwanza au Ulaya anataka nyumba ya nyumbani iwe imeezekwa kabla ya Krismasi. Kuanzia Agosti mafundi wa Moshi, na nusu ya wa Arusha, wana kazi mbili mbili. Ikifika Novemba wana nne. Wangu akapanda Rombo kwa mteja aliyempa pesa nzuri zaidi. Alirudi Januari, mnyenyekevu, na mkungu wa ndizi kwenye buti la gari la watu. Kuta zangu zilikuwa zimekunywa vuli nzima. Tangu hapo simwambii mtu aanze kupaua baada ya Septemba kama anamtegemea fundi mmoja.

Lakini kuna mahali ambapo kampuni haina lake. Mteja wangu mmoja wa Kibosho, kule Moshi vijijini, alikuja na ofa ya kampuni kutoka mjini. Kiwanja ni kihamba, shamba la migomba la familia, hakina hati, kwa hiyo mkopo wa nyumba wa benki waliokuwa wanamuahidi ulikufa hapohapo. Barabara ya kushuka kwake masika haipitishi roli. Tofali zinashushwa juu na kubebwa. Kampuni ilimpigia gharama ya kubeba hadi ikazidi bei ya tofali zenyewe. Tukamtafuta fundi wa kijijini pale. Alipofika, kabla hata hajafunga kamba, alitembea katikati ya migomba, akasimama, akapiga ardhi kwa kisigino. "Hapa ulipita mfongo wa mzee. Tukichimba hapa, jamvi litatitia." Mfongo wenyewe, mfereji wa maji ya shambani, ulikuwa umefukiwa kabla mteja hajazaliwa. Tuliusogeza msingi hatua sita kupanda juu. Hakuna ramani ya mjini ingetuonyesha hilo. Tena yule fundi mama yake anakaa ng'ambo ya korongo, na anasali kanisa moja na mama wa mteja. Dhamana hiyo haina muhuri, ila inafanya kazi.

Upande wa pili, zipo kazi ambazo simkubalii fundi peke yake hata akiwa ndugu yangu. Ghorofa ni mojawapo. Jengo lilipoporomoka Kariakoo tarehe 16 Novemba 2024 nilipigiwa simu na wateja wa nyumba za chini, wameogopa bure. Wa ghorofa, ambao ndio wangepaswa kuogopa, wakanyamaza. Nyingine ni udongo wa mbuga, ule mweusi wa tambarare za kusini mwa Moshi. Masika unavimba, kiangazi unapasuka, na nyumba inapasuka nao mpaka unapitisha kidole ukutani. Hapo anatakiwa mhandisi aliyesajiliwa wa kukuchorea msingi, na mkandarasi wa kuujenga kama ulivyochorwa. Wakandarasi wa majengo wamegawanywa na Bodi ya Usajili wa Makandarasi, CRB, katika madaraja saba, la kwanza likiwa la juu. Nyumba ya kuishi haihitaji daraja la kwanza. Wa daraja la sita au la saba, mwenye ofisi ya chumba kimoja na usajili ulio hai, mara nyingi ndiye ninayempenda zaidi: ana cha kupoteza, na anakuja saiti mwenyewe. Kibali cha ujenzi cha halmashauri kinahitajika kwa vyovyote, awe fundi au kampuni.

Kuhusu pesa, fundi namlipa ufundi kwa hatua iliyokwisha: msingi, jamvi, boma, lenta, kupaua. Vifaa ananunua mwenye nyumba, na tofali naliangusha kutoka usawa wa kiuno kabla roli halijashusha. Likipasuka vipande, roli linageuza. Kampuni itaomba malipo ya awali, asilimia 30 au hata 40. Naipunguza, au nataka dhamana ya benki kwa kiasi hicho. Na wote wawili nawazuilia asilimia 5 hadi 10 mpaka mwisho wa kipindi cha matazamio, yaani muda ambao mjenzi bado anawajibika kurekebisha kasoro. Mikataba mingi huandika miezi sita. Hesabu miezi yako vizuri. Nyumba ikikabidhiwa Juni, miezi sita inaisha Desemba, na paa halijaona masika ya Machi mpaka Mei. Mimi naandika kumi na mbili, na wakikataa najua kitu kuhusu bati lao.

Turudi kwa mwalimu. Nilimuuliza jambo moja tu: "Dada, wewe uko Dar. Moshono kutakuwa na nani?" Akasema kaka yake. Kaka yake anafanya nini? Anaendesha daladala, anatoka alfajiri anarudi usiku. Basi hana mtu.

Mwisho alichukua fundi yule yule wa daftari mpaka lenta, na kumlipa kijana aliyemaliza chuo cha ufundi asimame saiti siku zote za zege, kila siku kwa posho, na si ndugu wa fundi. Kupaua na finishingi atatafuta mkandarasi mdogo mwenye usajili, mwakani, akishapumua. Kijana ana kazi ya kutuma picha ya ndoo, si ya ukuta. Juzi ametuma: ndoo tatu na nusu za mchanga zimepangwa mstari, saba za kokoto, mfuko mmoja, na pembeni pipa la maji na mtu ameshainua ndoo ya tatu ya maji, nyingi mno kwa mfuko mmoja. Nikampigia palepale kabla haijamwagwa.