Kuchagua skrubu za konekta zisizoanguka ndani ya paneli

Skrubu ndogo ya konekta ikianguka ndani ya paneli ya awamu tatu, kazi husimama hapo hapo. Huwezi kuiacha humo. Inaweza kulala chini ya reli ya kushikilia vifaa bila madhara yoyote, kisha siku jenereta inapowaka na kabati kutikisika, ikahamia mahali penye volti 415. Kwa hiyo paneli ninazounda hapa Industrial Area, Nairobi, hazipati plagi ya mawasiliano yenye skrubu inayotoka mkononi. Nataka skrubu inayobaki kwenye kifuniko cha plagi hata baada ya kufunguliwa yote.

Hizo nazo zinatofautiana. Nyingine zimezuiwa na kipete au zimeshindiliwa kiwandani. Nyuzi zake, yaani mikunjo ya kuzunguka inayoshika, zikiliwa, unatupa kifuniko kizima, na kama kimemiminiwa plastiki pamoja na kebo, unakata waya na kuchomelea upya kila pini. Nyingine hubaki zisianguke, lakini ukitaka kuzibadilisha zinatoka. Hizi ndizo ninazozitetea, kwa sababu skrubu huchakaa mapema kuliko kebo.

Kazi yote hufanywa na shingo. Skrubu ina nyuzi kwenye ncha tu. Kutoka hapo hadi kichwani ni nyembamba, na sehemu hiyo ndiyo shingo. Tundu la kifuniko limekatwa nyuzi za aina ileile. Unaizungusha hadi nyuzi zake zote zipite upande wa pili, na kuanzia hapo inacheza: inazunguka bila kushika, inakwenda mbele na nyuma, lakini haichomoki. Siku ya kuibadilisha, unaivuta nyuma huku ukiilegeza, inashika nyuzi za kifuniko na kutoka ilivyoingia.

Shingo ipimwe kabla ya kununua. Ikiwa fupi kuliko unene wa kifuniko, nyuzi zitashika kifuniko na soketi kwa wakati mmoja, na hapo hata ukizungusha kwa nguvu kiasi gani, plagi haisogei hata kidogo. Fundi atahisi imekaza, kumbe pini zimeingia nusu. Nataka shingo ndefu kiasi cha kuniwezesha kurudisha ncha nyuma, nisukume plagi kwanza hadi pini zikae, ndipo nianze kufunga.

Wembamba huo una gharama. Skrubu ya M3, yaani ya kipenyo cha milimita 3, yenye shingo ya milimita 2 imebaki na eneo la milimita mraba 3.1 hivi pale shingoni, ilhali M3 kamili hukadiriwa milimita mraba 5. Ifunge kwa vidole, kisha bisibisi iongeze kidogo tu. Ukiing'ang'aniza, inakatika shingoni na kuacha ncha ndani ya soketi.

Linalowasumbua mafundi wengi zaidi ni aina ya nyuzi. Konekta za pini 9 na 25 zenye umbo la D, zile za mawasiliano ya data ya RS-232, kwa kawaida hutumia nyuzi za inchi za 4-40: kipenyo cha milimita 2.84, nyuzi 40 kwa inchi, yaani milimita 0.635 kutoka uzi mmoja hadi mwingine. M3 ina milimita 0.5. Kwa macho zinafanana kabisa. Ukilazimisha M3 kwenye soketi ya 4-40, inashika mwanzoni kisha inakwama, na nyuzi za soketi ndizo zinazoumia. Ukienda Luthuli Avenue, beba nguzo yenyewe ya soketi, kile kipande chenye tundu la nyuzi kinachopokea skrubu, na ujaribu kabla ya kulipa. Skrubu sahihi huingia mizunguko kadhaa kwa vidole tu.

Kuhusu madini: chuma kisichoshika kutu ni kizuri, ila kikikutana na nguzo ya chuma kilekile huweza kung'ang'aniana kisifunguke tena. Kwa Nairobi, shaba ya manjano iliyopakwa nikeli inanitosha. Mombasa, penye chumvi hewani, ningechukua chuma kisichoshika kutu cha daraja la 316 na kukipaka grisi.

Kama kifuniko ni cha chuma na ngao ya kebo, ule wavu wa chuma unaozuia kelele za umeme, imefungwa humo, skrubu hizi pia husaidia kuiunganisha ngao na kasha la chuma la kifaa. Karibu na vifaa vya kubadili kasi ya mota, skrubu iliyolegea huweza kuleta makosa ya mawasiliano ambayo fundi atayatafuta kwenye programu kwa siku nzima. Kwa hiyo funga pande mbili kwa zamu, mizunguko michache kila upande, plagi ikae sawa.

Zikikosekana madukani, mkerezaji hodari wa Kariobangi atakutengenezea. Mwambie pale shingo inapokutana na nyuzi na kichwa aache mviringo, asikate kona kali, kwa kuwa ufa wa mtikisiko huanzia konani.