Je, wajua kwa nini AI ikikupangia tasnifu, tanbihi zote zinakufa na nyota zinajaa kwenye Word?

Hili swali huwa linaibuka sana ule mwezi wa kukabidhi kazi. Mtu ana tasnifu ya kurasa tisini na kitu, tanbihi zinapita mia, supavaiza kasema mtindo wa marejeo ubadilike, basi anakopi kila kitu anapesti kwa ChatGPT au Gemini au Claude, anaandika "nipangie vizuri hii", na ndani ya dakika moja anaona maajabu, hedingi nene, orodha zimekaa, aya zimenyooka. Anarudisha Word. Ghafla kila hedingi ina alama za reli mbele, ##, kila neno nene limebanwa na nyota mbili huku na mbili kule, na zile namba ndogo za tanbihi ukizibonyeza haziendi popote. Mbaya zaidi, ukiingiza tanbihi mpya pale ukurasa wa hamsini, Word inaipa namba 1, kana kwamba zile nyingine mia hazijawahi kuwepo!

Wengi wanasema AI imeharibu faili. Si kweli sana. AI haijawahi kuliona hilo faili, wewe ulichofanya ni kama kumsomea mtu gazeti kwenye simu, anasikia maneno yote lakini hajui picha ilikaa wapi wala kichwa cha habari kilikuwa na rangi gani.

Tuanze na nyota maana hizo ni rahisi. Zile alama zinaitwa Markdown, na aliyezileta ni Mmarekani mmoja John Gruber mwaka 2004, akisaidiwa mawazo na Aaron Swartz. Lengo lao lilikuwa mtu aandike maandishi matupu, ya kawaida kabisa, ila aweke vialama ambavyo programu ikivisoma inajua hapa ni hedingi, hapa ni maneno mazito, halafu inageuza kuwa ukurasa wa wavuti. Watu wa kompyuta wakazipenda, zikasambaa kila kona ya intaneti, na hizi modeli za AI zimefundishwa kwa maandishi ya huko huko, kwa hiyo zikitaka kukoleza neno zinaandika nyota. Dirisha la chati linazitafsiri kimya kimya wewe unaona neno nene. Word kwa kawaida haifanyi hivyo ukipesti, yenyewe nyota ni nyota tu. Google Docs tangu 2024 ina chaguo la "Paste from Markdown", ukiliwasha kwenye mipangilio halafu ukapesti kwa njia hiyo, nyota zote zinageuka kuwa fomati halisi. Au mwambie tu AI mapema: nipe maandishi matupu, usiweke alama yoyote. Hilo limeisha.

Tanbihi sasa ndiyo kazi.

Fanya jaribio hili, ila kwenye nakala, usifanye kwenye faili lenyewe. Chukua faili la Word la .docx, badilisha hiyo tamati iwe .zip, lifungue. Utashangaa. Kumbe faili la Word si faili moja, ni kifurushi cha zipu chenye mafaili madogo madogo ndani, na ndivyo ilivyo tangu Office ya 2007. Ukilifungua kikatili kwa programu ya maandishi matupu herufi mbili za kwanza kabisa ni PK, yaani Phil Katz, jamaa aliyetengeneza mfumo wa zipu mwaka 1989, herufi za jina lake zimo kwenye kila barua ya kuomba kazi ulowahi kuhifadhi kama .docx na wala hukujua. Ndani ya folda ya word utakuta document.xml, humo ndimo maneno yako yalipo, styles.xml ndiyo inajua hedingi inakuwa na ukubwa gani, halafu pembeni, peke yake, kuna footnotes.xml.

Umeona? Tanbihi haziishi na matini. Kwenye matini pale ulipoweka tanbihi pana kielekezi tu kinachosema "hapa weka tanbihi yenye kitambulisho fulani", na maneno ya tanbihi yako kwenye lile faili la pembeni. Na ile namba unayoiona, 1, 2, 3 mpaka 140, haijaandikwa mahali popote! Word inahesabu vielekezi kuanzia juu kwenda chini kila inapokuonyesha ukurasa, ndiyo maana ukiongeza tanbihi katikati zote zinajisogeza zenyewe. Hata ule mstari mfupi unaotenganisha matini na tanbihi umehifadhiwa mle mle kama tanbihi ya aina yake.

Sasa ukikopi na kupesti kwenye chati kinachopita ni maneno. Kielekezi hakipiti. Kikipita sana inabaki namba kavu, na maneno ya tanbihi mara yanaangukia mkiani, mara yanapotea kabisa, inategemea programu uliyotumia na kama ni simu au kompyuta. AI nayo inakurudishia namba kavu kwa sababu ndicho ilichopewa, na Word ikiona "[37]" inaona mabano na tarakimu, basi. Tanbihi imekufa hapo.

Na kama kazi ni ndefu ukaipeleka kwa vipande, sura kwa sura, kuna tatizo lingine la zile "Ibid." Ibid inamaanisha chanzo kile kile cha tanbihi iliyotangulia, sasa kama kipande chako kinaanza na Ibid, iliyotangulia iko kwenye kipande kingine ambacho AI haijakiona. Itafanya nini? Mara nyingi haiulizi, inakisia. Kwa hiyo kabla hujapeleka chochote, pitia mwenyewe kila Ibid uiandike kwa jina la mwandishi na ukurasa. Inachosha lakini hakuna namna.

Kuhusu dawa, kwanza jiulize kama unahitaji AI kweli. Mtu anataka tanbihi za chini ya ukurasa ziende zote mwisho wa kazi, anahangaika na chati usiku kucha, wakati Word yenyewe ina kitufe cha "Convert" ndani ya lile dirisha dogo la mipangilio ya tanbihi, unabonyeza mara moja zote zinahama na zinabaki hai. Vivyo hivyo ukubwa wa hedingi, nafasi za mistari, orodha ya yaliyomo, hivyo ni vya mitindo ya Word, wala si kazi ya kumpa AI.

Lakini kama unataka kugeuza maneno yenyewe ya tanbihi, mfano kutoka mtindo mmoja wa marejeo kwenda mwingine, hapo AI inasaidia sana, na njia ambayo mimi naona ni bora kuliko zote ni Pandoc. Ni programu ya bure ya kugeuza faili kutoka aina moja kwenda nyingine, iliyotengenezwa na John MacFarlane mwaka 2006, na huyu bwana ni profesa wa falsafa pale Berkeley, si mtu wa Microsoft wala nini. Unaandika kwenye lile dirisha la amri la kompyuta (Command Prompt au Terminal):

pandoc tasnifu.docx -o tasnifu.md

inakutolea maandishi matupu ya Markdown ambamo kila tanbihi imeandikwa [^1], [^2], na maneno yake yanafuata chini kwa alama ile ile. Yaani kielekezi kimegeuka kuwa herufi ambazo AI inaweza kuzisoma! Unaipa, unaiambia wazi kabisa: badilisha maneno ya tanbihi tu, usiguse alama yoyote ya [^ ], usiondoe, usiongeze. Ikimaliza unarudisha:

pandoc tasnifu.md --reference-doc=tasnifu.docx -o mpya.docx

na tanbihi zinarudi hai, zinajihesabu. Hiyo reference-doc inachukua mitindo ya faili lako la zamani isije ikakupa sura ya ajabu. Angalizo tu, maoni ya pembeni ya supavaiza yanaachwa nyuma usipoongeza --track-changes=all kwenye ile amri ya kwanza, na majedwali yenye mbwembwe yanaweza kuvurugika, yaangalie.

Kama Pandoc inakutisha omba AI ikuandikie makro ya Word, yaani programu ndogo inayofanya kazi ndani ya Word yenyewe, ile sehemu yake unaifungua kwa Alt na F11, ipite kwenye kila tanbihi na kurekebisha kitu kimoja unachokijua, labda nukta mbili badala ya mkato kabla ya ukurasa. Makro inafanya ndani ya faili lenyewe kwa hiyo hakuna kinachokufa. Siku hizi wasaidizi wengine wanapokea faili lenyewe la .docx, wanaandika kodi (maelekezo ya kompyuta) ya kulirekebisha na kukurudishia, ni afadhali kuliko kupesti ila bonyeza tanbihi tatu nne uone kama ziko hai kabla hujafurahi.

Kuna jambo moja linanitia wasiwasi kuliko nyota na namba zote. Ukiiambia AI "panga marejeo haya" na rejeo moja halina mwaka au halina mji wa uchapishaji, inaweza kujazia. Haijui kuwa haijui. Mwaka 2023 kule New York mawakili wawili na ofisi yao walipigwa faini ya dola 5,000 kwa kupeleka mahakamani kesi ambazo ChatGPT ilizitunga tu, na ingawa wao walikuwa wanatafuta na si kupanga, mashine ni ile ile. Majina yetu nayo yanaipa shida, Sheikh Kaluta Amri Abedi anaweza kugeuzwa akawa "Abedi, S. K. A." kana kwamba Sheikh ni jina alilopewa na wazazi, na mtu wa "bin" anakatwa popote. Iambie ikiona pengo iandike PENGO kwa herufi kubwa, na majina iyaache kama yalivyo.

Kisha nenda Word kwenye Review, chagua Compare, weka faili la zamani na jipya, hakikisha kile kisanduku cha tanbihi kimetikiwa, na kila tarakimu iliyoguswa itajitokeza na alama yake. Ukiona mwaka umebadilika mahali ambapo uliomba mabano tu yahamishwe, rudi kwenye kitabu chenyewe.