Kukusanya vijisanamu vya mchezo kwa kipato cha kawaida

Vijana wa hapa Tanga wanaotaka kuanza michezo ya mezani ya vijisanamu huniuliza wanunue pakiti ngapi kwa kuanzia, nami huwajibu kwamba wasinunue hata moja. Wengi hushangaa, kwa sababu video zote wanazozitazama ni za watu wanaochana pakiti mpya mbele ya kamera, na hivyo hudhani kwamba huo ndio mlango pekee wa kuingilia. Mimi naamini kwa dhati kwamba mtu wa kipato cha kawaida anaweza kuwa na mkusanyo mzuri, unaochezwa kila wiki, mradi aanze na meza anayochezea na wenzake, kisha atafute kile tu ambacho meza hiyo inakihitaji.

Biashara hii ya kuuza vijisanamu vilivyokwisha kupakwa rangi, ndani ya pakiti zisizoonyesha kilichomo, ilishika kasi mwaka 2000, wakati kampuni ya WizKids ya Marekani, iliyoanzishwa na Jordan Weisman, ilipotoa mchezo wa Mage Knight. Kila kijisanamu kilisimama juu ya kisahani kinachozunguka, chenye dirisha dogo linaloonyesha namba za mwendo, shambulizi, ulinzi na madhara. Kikipigwa, kisahani huzungushwa hatua kadhaa na namba hubadilika, kwa kawaida kwa kupungua. Mwaka 2002 ikafuata HeroClix, yenye mashujaa wa vitabu vya katuni vya Marvel na DC, ambayo imeendelea kutengenezwa kwa miaka mingi ingawa WizKids yenyewe ilifungwa na wamiliki wake mwaka 2008 na kununuliwa na kampuni ya NECA mwaka uliofuata. Kampuni ya Wizards of the Coast nayo ilileta Dungeons & Dragons Miniatures mwaka 2003 na Star Wars Miniatures mwaka 2004, ambazo namba zake huandikwa kwenye kadi badala ya kisahani.

Sababu ya kukataa pakiti ni ya hesabu. Tuseme seti ina vijisanamu adimu 20 vinavyotolewa kwa usawa, na kila pakiti ina kimoja. Anayenunua pakiti 20 akitafuta kimoja alichokipenda ana nafasi ya asilimia 64 tu ya kukipata, maana yake ni kwamba zaidi ya theluthi moja ya watu watakaofanya hivyo watatoka mikono mitupu. Anayetaka kuvipata vyote 20 atahitaji kwa wastani pakiti 72, kwa sababu kadiri anavyokaribia kukamilisha ndivyo pakiti nyingi zaidi zinavyomletea alivyokwisha kuvipata. Kununua namna hiyo ni kama kununua robota la mitumba pale Tangamano bila kulifungua: mfanyabiashara anaweza kuibeba hasara kwa sababu atauza kila kipande kwa mteja wake, lakini mtu anayetaka shati moja la kuvaa Idi hana sababu ya kununua robota zima. Kijisanamu unachokitaka kimekwisha kutolewa kwenye pakiti na mtu mwingine, na wauzaji wa mtandaoni wanakiuza kimoja kimoja kwa jina lake.

Basi cha kununua kinajulikanaje? Hapa ndipo ninapoomba msomaji awe mvumilivu, kwa kuwa fedha nyingi huokolewa kabla ya kufungua ukurasa wowote wa duka. Kila kijisanamu cha HeroClix kina thamani ya pointi, na wachezaji hukubaliana jumla ya timu, ambayo kwa miaka mingi imezoeleka kuwa pointi 300. Sheria humpa mchezaji kitendo kimoja, kama kusogea au kushambulia, katika kila zamu kwa kila pointi 100 za makubaliano, yaani vitendo vitatu. Tena kijisanamu kinachotumiwa zamu mbili mfululizo hujiumiza chenyewe, isipokuwa kama kina uwezo maalumu wa kukikinga. Kwa hiyo timu ya wanne hadi sita, wanaopokezana kazi na kupumzika, hucheza vizuri kuliko kundi la watu kumi ambao saba kati yao wamesimama tu. Wachezaji wawili wenye timu mbilimbili za kubadilisha wanahitaji vijisanamu ishirini na kidogo, na mkusanyo huo unatosha kuwaweka mezani kwa muda mrefu sana.

Katika timu hiyo, mwenye jina kubwa awe mmoja. Wengine wawe wasaidizi, na wasaidizi bora mara nyingi ni vile vijisanamu vya kawaida ambavyo wenye fedha huvitupa kando. Shambulizi hufanywa kwa kurusha dadu mbili na kujumlisha na namba ya shambulizi, ili kufikia au kupita ulinzi wa mpinzani. Katika hesabu ya namna hiyo, msaidizi anayemwongezea mwenzake namba moja, au anayeruhusu dadu zirushwe upya, au anayemnyang'anya mpinzani uwezo wake kwa zamu moja, ana thamani kubwa kuliko shujaa wa pili wa gharama. Uadimu hupangwa na kiwanda, na mara nyingi haulingani na manufaa ya kijisanamu mezani. Katika seti za mwanzo za HeroClix, umbo lilelile lilitolewa kwa viwango vitatu, pete ya njano kwa anayeanza, ya buluu kwa mzoefu na nyekundu kwa mkongwe, na ile ya njano, yenye pointi chache, mara nyingi ndiyo inayoziba vizuri pengo la mwisho la timu.

Ninapendelea sana seti za zamani. Mashindano rasmi ya HeroClix huziondoa seti kuukuu kadiri mpya zinavyotoka, na wanaofuata mashindano huko Marekani huuza kwa mafungu vile ambavyo hawawezi kuvitumia tena. Sisi tunaocheza sebuleni Chumbageni hatufungwi na utaratibu huo. Star Wars Miniatures, ambayo uzalishaji wake ulikoma mwaka 2010, nayo inachezeka kama ilivyochezwa siku ya kwanza, ila wahusika wachache wanaotafutwa na kila mtu wamepanda bei na sioni haja ya kuwafukuzia. Unapopima fungu, usigawanye bei kwa idadi ya vijisanamu vyote vilivyomo. Gawanya kwa vile utakavyoviweka mezani, na fungu lililoonekana rahisi litajionyesha lilivyo. Kagua pia kwamba visahani havijang'olewa, kwa kuwa kijisanamu cha HeroClix kisicho na kisahani chake hakichezeki, ilhali kile cha Star Wars kilichopoteza kadi kinaweza kusaidiwa kwa nakala iliyochapwa.

(Wapo wanaotamani kurejea mapigano ya mji wetu ya Novemba 1914, wakati kikosi cha Wajerumani kilichoongozwa na von Lettow-Vorbeck kilipowashinda askari wa Uingereza na India walioshuka kutoka baharini. Hao nawaelekeza kwenye askari wa plastiki wa kipimo cha 1:72, ambao huuzwa makumi kwa boksi moja linaloonyesha kilichomo, bila uadimu wa kupangwa.)

Gharama inayowaumiza watu wengi ni ya usafirishaji na kodi, wala si ya vijisanamu vyenyewe. Ushuru wa forodha hukokotolewa juu ya thamani ya mzigo pamoja na usafiri na bima, kisha VAT ya asilimia 18 huwekwa juu ya jumla hiyo na ushuru wake. Chukua mfano wa fungu la dola 20 lenye usafiri wa dola 30, na ushuru tuukadirie kuwa asilimia 25: utalipa karibu dola 74. Mwombe muuzaji aondoe maboksi, ramani za kuchezea na vijitabu, ili usafiri ushuke hadi dola 15, nawe utalipa kama dola 52. Punguzo la dola 15 kwenye uzito limekuokolea dola 22, kwa sababu kodi hupigwa hata kwenye nauli. Ndiyo maana kikundi chetu huagiza mzigo mmoja kwa pamoja, kwa mtindo wa upatu: kila mwezi wote huchanga kiasi kilekile, na mwenye zamu ndiye anayechagua, lakini kwa sharti kwamba achague kinachoingia katika mchezo ambao wote tunaucheza. Mtu akianza mchezo wake peke yake, mkusanyo wake hubaki kabatini.

Ramani tengenezeni wenyewe. Ya HeroClix ina miraba 16 kwa 24, kila mraba ukiwa na sentimita 3.8, nayo huchorwa kwa rula na kalamu ya wino mzito juu ya manila mbili zilizounganishwa. Ya Star Wars ina miraba midogo ya sentimita 2.5 hivi. Visoda vinatosha kuonyesha nani amekwisha kutumika, na kwa HeroClix dadu za ludo ni dadu kamili.

Joto na unyevu wa pwani yetu vinahitaji uangalifu. Plastiki laini ya vijisanamu hivi hupinda ikiachwa karibu na dirisha lenye jua, na panga au mkuki uliopinda hunyooshwa kwa kuzamishwa katika maji ya moto sana kwa muda mfupi, kuelekezwa kwa vidole, kisha kutiwa katika maji baridi ili ukae ulivyo. Hakikisheni kisahani hakiguswi na maji. Vumbi la barabarani huingia katika visahani na kuvifanya vigome kuzunguka, kwa hiyo sanduku lenye mfuniko ni bora kuliko rafu ya wazi. Kadi ziwekwe katika mifuko yake ya plastiki pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyotoka kwenye maboksi ya viatu, na vipakiti hivyo vibadilishwe kabla ya masika kuanza.