Je, wajua kwa nini Sungura wa hadithi si mweupe?

Mpe mtoto wa Tabora picha ya Sungura na Fisi pamoja na boksi la penseli za rangi. Fisi atapakwa kahawia na kutiwa madoa, nyasi zitakuwa kijani, lakini Sungura ataachwa mweupe, pengine na macho mekundu. Watu wazima wengi nao watakwambia ndivyo alivyo.

Sivyo. Huyo mweupe ni sungura wa bandani. Sungura wa kufugwa walianzia Ulaya ya kusini-magharibi, pande za Hispania, Ureno na Ufaransa, na hata babu yao wa porini ni wa kijivu na kahawia. Weupe wenye macho mekundu ni hitilafu ya kurithi: mwili hautengenezi melanini, ile rangi inayokoza ngozi, nywele na macho. Wekundu wa macho ni damu ya ndani ya jicho iliyokosa rangi ya kuifunika. Mwachie mnyama huyo kwenye miombo ya Sikonge mwezi wa Agosti, nyasi zimekauka, tai atamwona kutoka mbali. Wapo sungura wa porini wanaogeuka weupe, lakini ni wa nchi za theluji, na kwa wengi wao weupe huo ni wa majira ya baridi tu.

Sungura wetu, mwizi wa karanga anayemtia Fisi matatani kila jioni, ni wa porini. Hachimbi shimo. Hujilaza juu ya ardhi katikati ya nyasi na kutegemea rangi yake imfiche. Watoto wake huzaliwa na manyoya, macho yamefumbuka, ilhali wale wa bandani huzaliwa uchi, macho yamefumba.

Sasa, apakwe rangi gani? Penseli moja haitoshi, na sababu iko kwenye unywele mmoja mmoja. Unywele wa mgongoni una mikanda: ncha nyeusi, chini yake njano iliyopauka, kisha giza tena kuelekea kwenye ngozi. Fikiria msusi wa ukili anayechomeka ukindu mweusi, akabadilisha kuweka wa njano, kisha akarudia mweusi. Ukili unazidi kurefuka na kilichosukwa kwanza kinatangulia mbele. Shina la unywele hufanya hivyo hivyo. Chembe zake hutoa melanini nyeusi, halafu kwa muda mfupi mwili huziamuru zitoe ya njano, kisha amri inaondolewa. Maelfu ya nywele hizo zikilala pamoja, jicho linaona rangi moja ya vumbi. Digidigi na panya wengi wa porini wana manyoya ya namna hii.

Kwa hiyo, kwenye karatasi, tanguliza njano hafifu mwili mzima, pitisha kahawia kwa mkono mwepesi, kisha chora mistari mifupi myeusi ukifuata ulalo wa manyoya. Usiijaze, njano lazima ichungulie. Kijivu kitupu kinamfanya aonekane amekufa. Ukolevu wa rangi hutofautiana kati ya eneo na eneo, ila kisogoni mara nyingi kuna wekundu wa udongo. Macho ni kahawia, ncha za masikio nyeusi, tumbo jeupe. Mkia una pande mbili: juu mweusi, chini mweupe.