Damu ya wiki ya 12 inajua nini kuhusu presha ya wiki ya 30

Tuanze na jina kwanza. Wengi wanasema kifafa cha mimba, ila kifafa chenyewe ni pale degedege linapoingia. Hapa naongelea hatua ya kabla yake, priklampsia, ile presha inagonga 140/90 baada ya wiki ya 20 na protini inaonekana kwenye mkojo. Siku hiyo ugonjwa haujaanza, umejionyesha tu. Ulianza kitambo, kondo la nyuma lilipokuwa linajishikiza kwenye mji wa mimba na mishipa ya mama pale ilitakiwa itanuke ipitishe damu kwa wingi, haikutanuka vya kutosha, damu ikawa inapita kwa kubanwa, kondo likakosa oksijeni na likaanza kumwaga kwenye damu ya mama vitu vinavyoumiza mishipa ya mwili mzima, figo, ini, hadi ubongo. Na muda wote huo mama anajisikia mzima kabisa, hiyo ndo inayoniuma.

Mi kazi yangu ni hiyo damu ya mwanzoni. Nachotafuta ni metaboliti, yaani molekuli ndogo ndogo zinazotokea mwili unapochakata chakula na kutengeneza nguvu: amino asidi, mafuta, sukari, steroidi. Mashine yetu inapima mamia kwa mpigo mmoja kutoka kwenye plazma kidogo sana, yaani ule umajimaji wa damu ukishatoa chembe. Kondo lililobanwa linatumia mafuta na nguvu kwa namna nyingine, na tunaamini alama zake zipo kwenye damu miezi kabla ya presha.

Mwaka 2010 mtafiti Louise Kenny na wenzake walichukua damu ya wiki ya 15 ya wanawake wenye mimba ya kwanza, 60 ambao baadaye walipata priklampsia na 60 ambao hawakupata, wakaja na metaboliti 14 ambazo kwa pamoja zilitenganisha makundi hayo vizuri sana. Tangu hapo timu nyingine zimeleta orodha zao na orodha hazifanani. Sababu moja ni hesabu tu, ukipima vitu mamia kwa watu 120 lazima vichache viangukie upande mmoja kwa bahati.

Sababu ya pili watu wa maabara tunaijua vizuri. Damu ikiwa kwenye chupa bado iko hai, chembe nyekundu zinaendelea kula glukosi na kutoa lakteti, ile inayobaki sukari ikitumiwa bila oksijeni, kwa hiyo chupa ikikaa mezani masaa mawili kabla ya kuzungushwa kwenye sentrifuji, mashine inayotenganisha plazma na chembe, glukosi inashuka lakteti inapanda, na lakteti ikipanda inafanana kabisa na kondo linalokosa oksijeni! Unafikiri umeuona ugonjwa kumbe umeona uzembe. Nimeshatupa sampuli nzuri nyingi kwa sababu muda wa kuchukua damu haukuandikwa.

Halafu fikiria wajawazito 1,000, tuseme 30 wataugua. Kipimo kinachokamata 80% na kukosea kwa 10% ya wazima kitawapata 24, lakini kitawatisha wengine 97 bure.

Mbona bado naumiza kichwa? Kwa sababu kuna cha kufanya ukijua mapema. Utafiti wa ASPRE wa 2017, wanawake 1,776 walio hatarini, nusu wakanywa aspirini miligramu 150 kila usiku kuanzia wiki ya 11 hadi 14 mpaka ya 36, priklampsia ya kabla ya wiki ya 37 ikashuka kutoka 4.3% hadi 1.6%. Hao walichaguliwa kwa historia, presha, ultrasaundi ya mishipa ya mji wa mimba na protini za kondo, hakuna metaboliti. Kwa hiyo swali langu kila siku ni metaboliti zinaongeza nini juu ya hivyo vipimo, na kwa wanawake wapya kabisa, sio walewale tuliotengenezea orodha.

Ila jamani usijianzishie aspirini mwenyewe. Ukiwa na presha au kisukari tangu kabla ya mimba, ugonjwa wa figo, mapacha tumboni, au mimba iliyopita ilikuletea haya, sema siku ya kwanza ya kliniki hata kama hujaulizwa, na nenda kabla ya wiki ya 12.