Hivi ile gharika kubwa ya kwenye hadithi za kale ilitokea kweli? Udongo wa Iraq unasema hivi

Aliyepita Sunday school au madrasa lazima anaijua habari ya Nuhu na safina. Wengi wasichojua ni kwamba watu wa Iraq ya kale nao walikuwa na habari yao ya gharika, inafanana na hiyo mno, na waliiandika kwenye vibao vya udongo ambavyo vipo mpaka leo.

Mwaka 1872 jamaa anaitwa George Smith, mfanyakazi wa British Museum kule London, alikuwa anasoma kibao kilichotoka kwenye maktaba ya Ashurbanipal, mfalme wa Ashuru, huko Ninawi, akakutana na meli imekwama juu ya mlima na njiwa katumwa akaangalie kama kuna nchi kavu, akarudi kwa kukosa pa kutua. Baadae akatumwa mbayuwayu naye akarudi, mwisho kunguru, huyo ndo hakurudi. Mwenye meli anaitwa Utnapishtim, mtu wa mji wa Shuruppak.

Sasa je, kuna kitu kilitokea au ni masimulizi tu?

Mwaka 1929 mwanaakiolojia Mwingereza Leonard Woolley alikuwa anachimba mji wa kale wa Ur, kusini mwa Iraq. Vibarua wake walishuka wakipita vigae vya vyungu na takataka za watu wa kale, ghafla vikakata, wakakuta udongo msafi wa mto hauna kitu ndani, wakamwambia bosi tumefika chini kabisa, hapa hajawahi kuishi mtu. Woolley akapima akaona haiwezekani, bado wako juu sana, akawaambia endeleeni. Wakachimba kama mita 2.5 za tope tupu halafu vigae vikaanza tena, vyungu vya kuchorwa rangi na zana za mawe! Yaani watu waliishi pale, maji yakaja yakafukia kila kitu, halafu watu wengine wakaja kujenga juu yake. Woolley akatangaza kwamba ameipata gharika yenyewe.

Mi naona hapo aliwahi mno. Mji jirani wa Eridu ulipochimbwa, tabaka kama lile halikuonekana, na gharika iliyofunika dunia nzima isingeruka mji wa jirani. Kule Shuruppak kwenyewe, kwao Utnapishtim, tabaka la mafuriko lipo kweli ila ni la kama mwaka 2900 KK, wakati lile la Ur ni la zamani zaidi kwa mamia ya miaka. Kwahiyo haya ni mafuriko tofauti, yamepiga miji tofauti kwa nyakati tofauti.

Na ukiangalia nchi yenyewe unaelewa kwanini. Mito ya Frati na Hidekeli inapata maji ya theluji inayoyeyuka kwenye milima ya Uturuki, maji yanajaa mwezi wa nne na wa tano, na kusini mwa Iraq ni tambarare kabisa, mto ukivunja kingo hakuna kilima cha kukimbilia, unaona maji mpaka upeo wa macho. Kwa mtu wa pale dunia yote imezama, na hadanganyi. Mi naamini mafuriko ya Shuruppak ndo yaliyobaki vichwani zaidi, maana hadithi inautaja mji huo huo na udongo wake una alama.

Kuna kibao kingine kilichosomwa na Irving Finkel, mtaalamu wa maandishi ya kale wa British Museum hiyo hiyo, akaandika habari zake 2014, cha kama miaka 3,700 iliyopita. Humo safina ni ya duara, imesukwa kwa kamba za nyuzi za mtende na kupakwa lami isivuje. Ndivyo wavuvi na wachukuzi wa Iraq walivyounda mitumbwi yao ya mviringo, waliyoitumia kwenye mito hiyo hiyo mpaka karne ya 20.